Ini la Mafuta: Maradhi Yanayoanzia Tumboni na Kuandikwa Kwenye Damu



Yapo maradhi ambayo mtu huyalalamikia kwa sababu yanamuuma, na yapo ambayo huyaficha kwa sababu yanamwaibisha. Ini la mafuta limekuwa katika haya ya pili. Mama ambaye hajapata kuonja tone la pombe tangu azaliwe huambiwa na daktari kwamba ini lake limeingia mafuta. Akifika nyumbani huikunja karatasi ya vipimo na kuitia chini ya nguo kabatini. Anaogopa maneno ya watu kuliko maradhi yenyewe, kwani katika mitaa yetu ini na pombe vimefungwa kamba moja. Karatasi hukaa kabatini mwaka, miaka miwili, na ini nalo huendelea na safari yake kimyakimya.

Dhana hiyo ni ya makosa, na makosa yake yana madhara. Kote duniani, zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya kila wanne ana mafuta katika ini yasiyotokana na ulevi. Mwaka 2023 vyama vya kimataifa vya madaktari wa ini vililibadilisha jina rasmi la ugonjwa huu, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba jina la zamani, lililotaja pombe hata pale ambapo pombe haimo, lilikuwa likiwaaibisha wagonjwa. Jina jipya linaufungamanisha ugonjwa huu na asili yake ya kweli, nayo ni mwili kushindwa kuitumia vyema sukari na mafuta unayoyapokea. Kwa hiyo wenzake wa karibu ni kitambi, kisukari, shinikizo la damu na wingi wa mafuta katika damu.

Makala haya yanaeleza mambo mawili ambayo familia zetu aghalabu haziyasikii kliniki kwa sababu ya msongamano na haraka: jinsi tumbo linavyolichochea ini kuugua, na jinsi chembe ndogo za damu zinavyoshiriki katika ugonjwa huo na kisha kuutolea ushahidi.

Hatua za maradhi

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu. Huchuja sumu, hutengeneza nyongo, huhifadhi sukari ya akiba na kuunda protini zinazosaidia damu kuganda. Katika hali ya afya huwa na mafuta kidogo sana. Yakizidi asilimia 5, madaktari husema ini limeingia mafuta.

Hatua ya kwanza ni hayo mafuta peke yake, na wengi husimama hapo wasiendelee. Hatua ya pili ni uvimbe: chembe za ini huanza kuumia na kufa. Ya tatu ni makovu, kwani kila palipoumia huachwa alama ngumu. Makovu yakienea, ini husinyaa na kuwa na vinundu. Hiyo ndiyo hatua ya nne, na kutoka hapo hatari ya saratani ya ini huwa kubwa. Safari hii huchukua miaka mingi, na katika sehemu kubwa ya safari hiyo mgonjwa hahisi lolote ila pengine uchovu, au uzito fulani chini ya mbavu za kulia. Macho kuwa manjano, tumbo kujaa maji na kutapika damu ni dalili za mwisho, si za mwanzo.

Akina mama wana sababu za ziada za kuwa macho. Aliyepata kisukari wakati wa ujauzito, mwenye vifuko vingi katika ovari, na aliyekwisha kukoma hedhi, wote hawa hatari yao huongezeka. Na tusisahau jambo moja: wengi wenye maradhi haya huuawa na moyo kabla ya kuuawa na ini. Ini lenye mafuta ni onyo la mwili mzima.

Njia ya kutoka tumboni hadi kwenye ini

Ukitaka kuelewa kwa nini ini huugua, anza na njia ya damu yake. Viungo vingi vya mwili hupokea damu kutoka moyoni moja kwa moja. Ini limeumbwa vingine: takriban robo tatu ya damu yake hutoka matumboni kupitia mshipa mmoja mkubwa. Sehemu kubwa ya tunavyokula, ikishasagwa na kufyonzwa na utumbo, hupelekwa kwanza kwa ini liikague kabla mwili haujaipokea. Ini, basi, ni kama afisa wa forodha bandarini: shehena nyingi hupitia kwake, nzuri na mbaya.

Ndani ya utumbo wetu, hasa utumbo mpana, mnaishi bakteria wasiohesabika, matrilioni kwa matrilioni. Wengi wao ni wageni wema. Huzila nyuzinyuzi za mboga, kunde na nafaka ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, kisha hutoa asidi nyepesi zinazoulisha na kuuimarisha ukuta wa utumbo. Ukuta wenyewe ni mwembamba mno: ni safu moja tu ya chembe zilizoshikamana bega kwa bega, juu yake kukiwa na ute unaouhifadhi.

Mtu anapokula wanga mweupe, sukari na mafuta ya kukaanga siku baada ya siku, na mboga zikawa za kupamba sahani tu, bakteria wema hukosa chakula chao na wengine huchukua nafasi. Ute hupungua, na zile chembe zilizoshikamana huanza kuachana. Sukari ya matunda, ile iliyomo kwa wingi katika soda, juisi za viwandani na sukari ya mezani, ina madhara mara mbili: ikizidi hudhoofisha ukuta wa utumbo, na ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa mafuta kwa wepesi. Vipande vya maganda ya bakteria, ambavyo ni sumu, hupenya, huingia katika ule mshipa mkubwa na kufika kwenye ini.

Huko husubiriwa na walinzi. Mwaka 1876 mwanazuoni Mjerumani Karl Wilhelm von Kupffer alizieleza chembe za pekee zilizomo ndani ya ini, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Kazi yake ni kumeza uchafu na vijidudu vinavyoletwa na damu ya tumbo. Sumu ikija kidogo, huimaliza bila kelele. Ikija kila siku, asubuhi na jioni, walinzi hawa hukasirika na kupiga mbiu ya mgambo: huita chembe nyingine za kinga, na vita huanza ndani ya nyumba. Mafuta peke yake yangeweza kukaa miaka bila ya fujo. Mafuta pamoja na vita hivyo ndivyo vinavyoleta makovu.

Pombe isiyonywewa

Hapa pana jambo litakalomshangaza msomaji. Mwaka 2019 watafiti wa Beijing, China, walichapisha habari za mgonjwa mwenye ini la mafuta lililokwisha kuvimba vibaya, ambaye damu yake ilikuwa ikionyesha kiwango kikubwa cha kileo kila alipokula vyakula vya wanga na sukari, ilhali hakunywa pombe. Walipochunguza choo chake walikuta aina ya bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae, aliyekuwa akiigeuza sukari kuwa kileo humo humo tumboni. Walipowapima wagonjwa wengine wa ini la mafuta katika kundi lao, takriban sita kati ya kila kumi walikuwa na bakteria wa namna hiyo mwenye kutengeneza kileo kwa wingi. Panya waliopewa bakteria hao waliota mafuta katika ini.

Hatusemi kwamba kila mwenye ini la mafuta ana kiwanda cha pombe tumboni. Kundi lililopimwa lilikuwa dogo, na la nchi moja. Lakini habari hii inatosha kuzifunga kurasa za kashfa. Mtu anaweza kuwa na madhara ya kileo katika ini lake na ilhali midomo yake ni safi. Naye hana dhambi wala lawama, maana hukumu hufuata hiari na kusudio, na huyu hakuhiari wala hakukusudia. Mwenye kumsengenya ndiye mwenye kujitwisha mzigo.

Chembe sahani: kutoka marafiki hadi mashahidi

Sasa tuingie katika damu. Pamoja na chembe nyekundu na nyeupe, damu ina vipande vidogo mno visivyo na kiini, viitwavyo chembe sahani. Hutengenezwa katika uboho wa mifupa, huishi siku 7 hadi 10, na kazi yao mashuhuri ni kuziba jeraha ili damu isimwagike. Hesabu yake ya kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000 katika tone dogo la milimita moja ya ujazo, nayo maabara huiandika kwa ufupi 150 hadi 450, mbele ya herufi PLT.

Chembe sahani hushiriki katika ugonjwa huu mara mbili, na kwa namna mbili tofauti.

Mara ya kwanza ni mapema. Chembe hizi haziendi penye jeraha la ngozi tu. Huenda popote penye uvimbe. Mwaka 2019 watafiti wa Zurich, Uswisi, na Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwamba ini la mafuta linapoanza kuvimba, chembe sahani hukusanyika ndani yake, na hujishikiza kwa wale wale walinzi wa Kupffer tuliowataja. Zikishajishikiza huachia vichocheo vinavyoongeza uvimbe, na watu wa vita huzidi kumiminika. Katika panya, dawa za kuzizuia chembe sahani zisishikamane zilipunguza uvimbe huo na hata saratani iliyokuwa ikifuata.

Mwaka 2024 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha jaribio la watu 80 wenye ini la mafuta ambao ini lao lilikuwa halijasinyaa. Nusu walipewa aspirini ya miligramu 81 kila siku kwa miezi 6, na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Kiwango cha mafuta katika ini kilishuka kwa wastani wa asilimia 6.6 kwa waliotumia aspirini, na kikapanda kwa asilimia 3.6 kwa wenzao. Ni habari ya kutia moyo, lakini ni jaribio dogo na la muda mfupi, na aspirini haijawa dawa ya ini la mafuta. Asitoke mtu akaenda dukani kuinunua. Aspirini huweza kutoboa vidonda vya tumbo na kuleta kutokwa na damu, na kwa mtu ambaye ini lake limeshasinyaa hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Mara ya pili ni baadaye, na hapo chembe sahani huwa shahidi. Makovu yakishaenea, damu itokayo tumboni hupata taabu kupita ndani ya ini, ikarudi nyuma na kujaa katika wengu. Wengu huvimba na kuzizuilia chembe sahani humo. Isitoshe, ile homoni inayouamrisha uboho kutengeneza chembe sahani hutolewa na ini lenyewe, na ini lililochoka huitoa kwa uchache. Matokeo yake ni kwamba hesabu hushuka: 220, kisha 180, kisha 140. Hakuna maumivu, hakuna homa. Ni tarakimu tu inayoteremka mwaka hadi mwaka, na hakuna anayeitazama.

Hesabu ya kumwomba daktari

Kuna kipimo kinachoitwa FIB-4 ambacho hakihitaji mashine mpya. Hutumia umri, hesabu ya chembe sahani, na vimeng'enya viwili vya ini ambavyo huandikwa AST na ALT. Umri huzidishwa kwa AST. Jibu hugawanywa kwa chembe sahani zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 50, AST yake 40 na ALT yake 36. Chembe sahani zake zikiwa 290, jibu ni 1.15. Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Mama yule yule, kwa vimeng'enya vile vile, chembe sahani zikiwa 120, jibu ni 2.78. Jibu likipita 2.67 anahitaji kuonwa na daktari bingwa. Vimeng'enya havikubadilika hata kidogo. Kilichofichua siri ni chembe sahani. Baina ya tarakimu hizo mbili, daktari huongeza vipimo vingine, kama kile cha kupima ugumu wa ini. Kwa waliofika miaka 65, mpaka wa chini huwa 2, na kwa vijana walio chini ya miaka 35 hesabu hii haitegemeki.

Tahadhari moja kwa sisi watu wa pwani: malaria hushusha chembe sahani, na homa ya dengue, ambayo imewahi kuzuka Mombasa, huzishusha sana. Hata ujauzito huzipunguza kidogo. Basi usiihukumu tarakimu moja iliyopimwa siku ya homa. Hifadhi karatasi zako zote, zipange kwa tarehe, na umwonyeshe daktari zinakoelekea. Pia muombe akupime homa ya ini aina ya B na C, kwa kuwa nazo huharibu ini kimya kimya na zina tiba zake.

Na mwenye chembe sahani pungufu asiende kupigwa chuku kabla ya kumuuliza tabibu wake. Hijama ni tiba inayoheshimiwa kwetu, lakini ni tiba ya kuchanja, na damu isiyoganda vyema haichanjwi kwa mazoea. Vivyo hivyo mizizi na mitishamba ya kusafisha ini: ini lililoumia ndilo litakaloibeba kazi ya kuichuja dawa hiyo.

Dawa iliyo jikoni

Zipo dawa mpya. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha ya kwanza mahsusi kwa ini la mafuta lililovimba na kuota makovu. Lakini dawa iliyothibiti zaidi, na iliyo mikononi mwa kila familia, ni kupunguza uzito. Mwaka 2015 madaktari wa Havana, Cuba, walichapisha matokeo ya wagonjwa 293 waliofuata mpango wa chakula na mazoezi kwa wiki 52. Waliopunguza asilimia 10 ya uzito wao au zaidi, tisa kati ya kumi uvimbe wa ini uliondoka, na karibu nusu yao makovu yenyewe yalirudi nyuma. Hata asilimia 5 hupunguza mafuta. Kwa mtu wa kilo 80, hizo ni kilo 4, si muhali. Apunguze polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, kwa kuwa kujikondesha kwa pupa nako huliumiza ini.

Chakula chetu cha pwani kimebeba maradhi na dawa pamoja. Maradhi yamo katika sinia la wali mweupe usio na mpaka, mahamri na sambusa za kila asubuhi, kaimati zilizolowa shira, chai yenye vijiko vinne vya sukari, na soda iliyogeuzwa kuwa heshima ya mgeni. Dawa imo katika mbaazi, kunde na pojo. Mchicha, mnavu, mchunga na matembele. Uji wa wimbi usio na sukari nyingi. Samaki wa kuchoma badala ya wa kuzamishwa katika mafuta. Na mtindi uliogandishwa nyumbani. Tui liwe jepesi. Tunda liliwe zima, lisikamuliwe, kwani nyuzinyuzi zake ndizo chakula cha wale bakteria wema. Anza na mboga nusu ya sahani, wali robo, na samaki au kunde robo iliyobakia.

Kahawa chungu nayo ina sifa yake: wanaoinywa kwa desturi huonekana kuwa na makovu machache ya ini. Lakini faida hiyo ni ya kahawa, si ya halua na kashata zinazoisindikiza. Na tuache tabia ya kununua viuavijasumu dukani bila ya cheti cha daktari kwa kila mafua. Dawa hizo huwaangamiza bakteria wema pamoja na wabaya.

Dakika 150 za kutembea kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, hupunguza mafuta ya ini hata kabla ya mizani kusogea. Mama anaweza kutembea na binti zake baada ya Alfajiri, au na jirani baada ya Alasiri.

Ramadhani ni fursa, ikiwa futari haitalipa kwa saa moja yote yaliyoachwa mchana kutwa. Mwenye ini lililosinyaa, au anayetumia dawa za kisukari, amshauri daktari kabla ya kufunga. Ruhusa ya mgonjwa ni sehemu ya dini, si upungufu wa imani. Na sote twalijua lile fundisho la Mtume (s.a.w.) la kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji, na la pumzi. Miaka elfu moja na mia nne baadaye, wanaopima ini kwa mashine wanatuambia tusilijaze tumbo.

Basi, mama, itoe ile karatasi kabatini. Tazama penye PLT, AST na ALT. Mweleze mumeo na wanao bila ya haya, kwa sababu sufuria unayoipika ni yao pia, na mafuta ya ini huwaingia hata watoto. Aliyekwisha kuambiwa ana kisukari au ana kitambi, na hajapimwa ini, amuulize daktari wake katika ziara ijayo. Maradhi haya yakigunduliwa mapema hurudi nyuma, na jambo hili ni rehema.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azihifadhi nyumba zetu, na atujaalie siha ya kumwabudu. Amin.